Uhuru wa watumwa pwani ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka midomoni mwa watu: wanafunzi wa sekondari wanaoshushwa na basi pale Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa, wageni kutoka bara, watu wa Tanga na Mombasa wenye bibi asiyetaka kuulizwa mambo ya zamani, na ndugu walioko Muscat wanaobishana usiku kucha juu ya nani alimfanya nini nani. Majibu ni marefu pale penye mvutano. Namba zimewekwa ili jambo moja lisirudiwe mara tatu.

## Mambo ya msingi

1. Utumwa ulikomeshwa mwaka gani?

Anayeuliza huwa ameshika kalamu, anataka mwaka mmoja. Mwaka mmoja haupo. Unguja na Pemba, hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria tarehe 6 Aprili 1897, lakini masuria wakaachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ni 1907. Tanganyika ni 1922. Oman, ambako familia nyingi za pwani zina jamaa, ni 1970.

Mwaka 1873, ambao ndio watu wengi wanaukumbuka kutoka shule, haukukomesha utumwa. Ulifunga soko na kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini. Ukiuandika kwenye mtihani kama mwaka wa uhuru, utakuwa umewapa watu uhuru miaka 24 kabla ya wao kuuona.

2. Kuna tofauti gani kati ya kukomesha biashara ya watumwa na kukomesha utumwa?

Biashara ni kukamata, kusafirisha, kununua na kuuza. Utumwa ni ile hali yenyewe ya mtu kuwa mali ya mwenziwe. Mjakazi aliyekuwa akichuma karafuu Pemba mwaka 1874 alikuwa bado mali ya mtu, ingawa jahazi lililomleta lilikuwa limeshapigwa marufuku.

Mikataba yote ya mwanzo na Waingereza ilihusu biashara tu. Wa 1822 ulimzuia Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, kuwauzia Wakristo watumwa. Wa 1845, ulioanza kutumika Januari 1847, ulizuia watumwa kupelekwa Uarabuni, lakini ukaacha wazi njia ya bahari kati ya Kilwa na Lamu. Yaani mashamba ya karafuu yaliendelea kuletewa watu kwa ruhusa ya mkataba ule ule uliosemwa kuwa wa kupinga biashara hiyo.

3. Watumwa wa pwani walifanya kazi gani?

Si shamba peke yake. Kiswahili kimehifadhi ngazi zao, na baadhi ya maneno tunayatumia leo bila kujua yalikotoka. Mjinga alikuwa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala desturi za pwani. Mzalia alizaliwa pwani, na alijiona mbali kabisa na mjinga. Mtwana ni mwanamume, mjakazi ni mwanamke, suria ni mjakazi anayelala na bwana wake. Aliye juu ya wote hawa ni muungwana, na maana ya kwanza ya neno hilo ni mtu asiye mtumwa. Adabu zilifuata baadaye.

Mashambani desturi ilikuwa siku tano za kazi ya bwana, na Alhamisi na Ijumaa mtumwa kulima kijishamba chake. Mjini wapo waliokuwa mahamali, mabaharia, mafundi, na wapo waliotafuta kazi wenyewe kisha wakampelekea bwana sehemu ya ujira, mara nyingi nusu. Hawa ndio vibarua, na jina lao linatokana na barua, kikaratasi alichopewa mtu kuonyesha kwamba amefanya kazi ya siku. Kila mtu anayesema leo "nimepata kibarua" anatumia neno lililokomaa mikononi mwa watumwa wa kupangishwa.

Wengine walikwenda safari za bara wakiwa wapagazi, askari, hata viongozi wa misafara. Usidhani kwamba mwenye bunduki msafarani alikuwa lazima mtu huru.

4. Walitoka wapi, na walikuwa wangapi?

Wengi walitoka kusini: nchi ya Wayao, ukanda wa Ziwa Nyasa na kaskazini mwa Msumbiji, wakishukia Kilwa Kivinje. Wengine ni Wazaramo na Wazigua waliotekwa au kuuzwa wakati wa njaa. Baadaye wakaja watu wa Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwa njia ya Ujiji na Tabora.

Kwa miaka ya 1860, makadirio yanayotajwa sana ni karibu watu 20,000 kwa mwaka waliopita mikononi mwa wafanyabiashara wa Kilwa na Unguja. Kuwa mwangalifu na takwimu za wakati ule. Wapinga utumwa walikuwa na sababu ya kuzikuza, na wafanyabiashara walikuwa na sababu ya kuzificha kwa sababu ya ushuru.

## Mikataba na amri

5. Soko la Mkunazini lilifungwaje?

Kwa kalamu ya Sultani na mizinga ya Mwingereza. Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere aliletwa kutoka London kumshawishi Sultani, Sayyid Barghash bin Said, atie saini mkataba wa kukomesha biashara hiyo. Barghash akakataa. Tufani la Aprili 1872 lilikuwa limeng'oa mikarafuu ya Unguja, hazina ilikuwa tupu, na matajiri waliomzunguka wote walikuwa na watumwa. Frere akaondoka mikono mitupu. Kazi ikamwangukia balozi John Kirk, aliyemjulisha Sultani kwamba asipokubali, kisiwa kitazingirwa na manowari. Tarehe 5 Juni 1873 Barghash akasaini: masoko yote yafungwe, na mtumwa asisafirishwe tena baharini.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wakapata uwanja wa soko, na siku ya Krismasi mwaka ule ule jiwe la msingi la kanisa likawekwa pale. Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sana juu ya Kiswahili, ndiye aliyesimamia ujenzi. Duara la marumaru mbele ya madhabahu linaonyesha panaposemwa kuwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa.

Kuna jambo moja ambalo wageni wengi hawaambiwi. Barghash mwenyewe alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Ndugu zake waliotawala kabla na baada yake nao walizaliwa na masuria.

6. Mbona biashara haikuisha baada ya hapo?

Kwa sababu karafuu za Pemba zilinusurika na tufani, bei ikapanda, na Pemba ikataka watu kuliko wakati wowote. Bahari ilipofungwa, watu wakatembezwa kwa miguu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, wakafichwa karibu na Pangani, kisha wakavushwa usiku. Mwaka 1876 Barghash akatoa matangazo ya kuzuia misafara hii ya nchi kavu. Ilipungua, lakini haikukauka.

Majini kulikuwa na ujanja mwingine: bendera. Jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa lilikuwa gumu kupekuliwa na Mwingereza. Desemba 1881 Kapteni Brownrigg wa manowari London aliuawa karibu na Pemba alipokaribia jahazi la watumwa lililokuwa na bendera hiyo.

7. Amri ya 1897 iliwapa watumwa nini hasa?

Iliwapa haki ya kuomba. Sisemi kwa kejeli, ndivyo ilivyoandikwa. Amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa kitini na Waingereza baada ya kulipiga mizinga jumba la Khalid bin Barghash Agosti 1896, haikusema "kuanzia leo wote ni huru." Ilisema mahakama hazitatambua tena haki ya mtu kummiliki mtu, na kwamba mtumwa anayetaka uhuru aende mwenyewe akauombe. Kisha bwana wake alipwe fidia kwa hasara aliyoipata.

Tena kulikuwa na kifungu kinachouma. Aliyepewa uhuru ilimbidi aonyeshe ana mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Sasa jiulize: mtu ambaye nyumba yake iko kwenye shamba la bwana, na chakula chake kinatoka shamba la bwana, ataonyesha makao gani? Njia iliyokuwepo ilikuwa kuandikiana mkataba na bwana yule yule: nikae hapa, nilime hapa, nami nikufanyie kazi siku kadhaa kwa wiki. Mara nyingi zilikuwa siku tatu. Toka tano hadi tatu, hiyo ndiyo tofauti ambayo wengi waliishika mikononi mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana watu hawakumiminika mahakamani. Maofisa wakaandika kwamba watumwa wameridhika na hali zao. Huo ulikuwa usomaji wa kivivu. Watu wengi walitumia amri hiyo bila kukanyaga mahakama: walimwambia bwana "ukinichapa tena nakwenda kwa mzungu," na bwana akapunguza kazi. Wengine walihama tu usiku, wakaenda shamba la jirani aliyekuwa na uhaba wa wachumaji. Msimu wa karafuu haumsubiri mtu, na mwenye shamba asiye na wachumaji hana la kujivunia.

Kabla yake kulikuwa na amri ya Sayyid Ali bin Said ya tarehe 1 Agosti 1890, iliyozuia kila aina ya mauzo ya watumwa na kumruhusu mtumwa kujinunua. Kabla mwezi haujaisha ikatolewa nyingine kuilegeza: bwana halazimiki kukubali fedha.

8. Kwa nini masuria waliachwa nje?

Amri iliwahesabu kama wake. Suria aliweza kudai uhuru iwapo tu atathibitisha ukatili. Balozi mkuu Arthur Hardinge alihofia kuingilia nyumba za wakubwa, na wakubwa wenyewe hawakutaka kusikia. Kwa hiyo wanawake wengi, ambao ndio walikuwa hawana hata siku mbili zao za kulima, walisubiri miaka 12 zaidi, hadi amri ya 1909 ya Sayyid Ali bin Hamoud.

Kwa upande wa sheria ya dini, hali ya suria ilikuwa na kinga zake. Tazama swali la 14. Lakini kinga si sawa na ruhusa ya kuondoka.

9. Si tumefundishwa kwamba Mjerumani alikomesha utumwa Tanganyika?

Hakuukomesha. Alikuja kwa jina hilo. Vita dhidi ya Abushiri bin Salim, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889, vilielezwa Berlin kuwa ni vita dhidi ya wauza watumwa, na fedha zikapitishwa kwa hoja hiyo. Baada ya ushindi, maliwali, maakida na majumbe waliotumiwa kutawala wengi wao walikuwa wenye watumwa, na serikali haikutaka kuwaudhi.

Badala ya amri ya uhuru zikawekwa kanuni. Ya 1901 ilimruhusu mtumwa kujikomboa kwa bei inayopangwa na serikali. Ya 1904 ilisema mtoto atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 ni huru. Kati ya hapo hati za uhuru zilitolewa kwa makumi ya maelfu, lakini moja moja, kwa mtu mmoja mmoja. Wapo waliokombolewa na mwenye shamba la kizungu aliyemlipa bwana, kisha mkombolewa akawa na deni la kulifanyia kazi. Ukiwauliza wajukuu wao, hawatakwambia kwamba huo ulikuwa uhuru.

Mwisho wa kisheria ulikuja na sheria ya Waingereza ya 1922, Tanganyika ilipokuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa. Kufikia wakati huo vita, njaa na kazi za reli na mkonge zilikuwa zimeshawatoa wengi kwa mabwana zao bila karatasi yoyote.

10. Na upande wa Kenya?

Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Mwingereza. Amri ya 1897 haikufika huko. Sheria ya 1907 ndiyo iliyoondoa hadhi ya utumwa, na fidia ikalipwa kwa mabwana wa Mombasa, Malindi na Lamu. Mashamba ya nafaka ya Malindi yalikuwa yameshaanza kurudi msitu, kwa sababu watu walikuwa wameshaondoka wenyewe (swali la 12).

11. Kongo je?

Kule hadithi ina mzunguko mchungu. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, alimfanya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, gavana wa eneo la Stanley Falls. Kati ya 1892 na 1894 majeshi ya Leopold yakapigana na wafanyabiashara wa pwani kwa jina la kukomesha utumwa, kisha yakawalazimisha wanavijiji kuleta mpira wa mwitu kwa bunduki na mjeledi.

Lugha ilibaki. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Na wengi wa "waungwana" hao, waliovaa kanzu na kubeba bunduki za Tippu Tip, walikuwa ama watumwa wake ama watoto wa watumwa. Huko bara, mbali na waliomjua babake, mtu aliweza kujivika uungwana kwa kanzu na lugha.

## Watumwa wenyewe

12. Kwa hiyo watumwa walikaa tu wakingoja mikataba?

Hapana, na hili ndilo jibu ninalotaka lisomwe hata kama mengine yatarukwa. Kabla ya kila tarehe iliyotajwa hapo juu kulikuwa na watoro.

Nyuma ya Malindi na Mombasa, katika nchi ya Wagiriama, watoro walijenga Fuladoyo mwishoni mwa miaka ya 1870 pamoja na Wagiriama waliofuata Ukristo, wakiongozwa na David Koi. Walilima, walijenga kanisa lao, na kila aliyefika aliwaambia wenzake njia. Mabwana wa pwani hawakuvumilia. Mwaka 1883 Koi aliuawa na kijiji kikavunjwa. Watu wakatawanyika, kisha wakarudi.

Witu, bara karibu na Lamu, palikuwa na Ahmed Simba, mtu wa ukoo wa Nabahani uliotawala Pate, aliyefukuzwa huko na masultani wa Unguja. Alihitaji watu, na watoro walihitaji mtu asiyewarudisha. Wakawa wakulima wake na askari wake. Hakuwa mpinga utumwa hata kidogo, ila adui wa bwana wako anaweza kukufaa.

Mbali zaidi, kando ya Mto Juba kusini mwa Somalia, kuna Gosha. Wazigua waliouzwa Benadir, pwani ya Somalia, wakati wa njaa ya miaka ya 1830 waliyatoroka mashamba ya Mto Shebelle, wakitaka kurudi kwao kwa miguu. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke aliyewaongoza, Wanakhucha. Hawakufika Handeni. Walisimama Juba, msituni penye mbung'o ambapo wafugaji hawakupenda kuingia, na baadaye wakapata kiongozi mashuhuri, Nassib Bundo. Wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vya miaka ya 1990 vilipowatawanya tena, baadhi yao walipewa makazi Chogo, wilaya ya Handeni, na uraia wa Tanzania. Maelfu wengine wakapelekwa Marekani. Karne na nusu njiani.

Na palikuwa na Rabai, kituo cha misheni nyuma ya Mombasa. Watoro walijificha misheni kwa wingi hadi mwaka 1888 wenye mali wa Mombasa wakatishia kuichoma. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akaona ni nafuu kuwalipa mabwana, na siku ya kwanza ya 1889 zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Vitabu humsifu Mackenzie. Lakini kama wale 1,400 hawangetoroka kwanza, angemkomboa nani?

13. Kengele ya Kengeleni, Mombasa, ni ya nini?

Ni ya Freretown, kijiji cha watu walioachwa huru kilichoanzishwa na wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, mwaka 1874 na 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Waliokaa pale wengi waliopolewa na manowari kutoka majahazini, wakaungana na "Wabombay", Waafrika waliopelekwa India wakiwa watoto, wakasomeshwa Nasik na kurudishwa. Kengele ililia kuita ibada na pia kutoa hadhari. Siku hizi makondakta wa matatu huita jina hilo mara mia kwa siku.

14. Sheria ya Kiislamu ilisemaje kuhusu kumwacha mtumwa huru?

Ilihimiza sana, na ilitoa njia nyingi. Kumwacha huru mtumwa ni kafara ya makosa kadhaa, kama vile kuua bila kukusudia. Bwana aliweza kuandika wasia kwamba nikifa fulani ni huru. Aliweza kuandikiana na mtumwa ajikomboe kwa mafungu. Suria aliyemzalia bwana wake hakuuzwa tena, na bwana akifa alikuwa huru. Mtoto wake alizaliwa huru, akarithi sawa na wa mke wa ndoa. Kwa hiyo pwani ilikuwa na watu wengi walioachwa huru muda mrefu kabla ya manowari.

Lakini kila aliyeachwa, mwingine alinunuliwa. Uhuru wa mmoja mmoja haukuupunguza utumwa wenyewe.

15. Hati ya serikali ilitosha mtu kuwa huru?

Mahakamani, ndiyo. Barazani, msikitini na kwenye posa ilikuwa habari nyingine. Wapo mabwana walioona kwamba serikali imewanyang'anya mali yao, na kwamba mtumwa asiyeachwa kwa kauli ya bwana wake bado hajaachwa. Jambo lilikuwa zito kwenye ndoa: mwanamke aliyeachwa huru asiye na ndugu wa kiume, walii wake, yaani mwenye haki ya kumwozesha, kisheria ni yule aliyemwacha huru. Je, kama aliyemwacha ni karani wa Mzungu? Kwa sababu hiyo watu waliokuwa na hati mfukoni walirudi kwa bwana kuomba radhi, tena wakiwa na zawadi mkononi. Mimi sioni unyonge hapo. Walitaka binti zao waolewe bila maneno.

## Baada ya hati

16. Walikwenda wapi?

Wengi hawakwenda mbali. Unguja na Pemba walibaki chini ya mikarafuu ya watu, wakilima muhogo kwenye ardhi isiyo yao, wakichuma msimu ukifika kwa ujira. Ardhi na miti vilibaki kwa waliokuwa navyo, na kwa wengi suala hilo lilikuwa halijatatuliwa hadi 1964.

Waliokwenda mjini walijenga Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Walikuwa ni watoto na wajukuu wa kizazi cha 1897, na safari hii waligoma pamoja.

17. Watumwa wenyewe walilipwa fidia?

Hapana. Tazama tena swali la 7 uone nani alilipwa.

18. Ni kweli kanga zina uhusiano na uhuru?

Upo uhusiano. Mjakazi alivaa kaniki au merikani, kitambaa kisicho na urembo, na hakujifunika kama bibi yake. Baada ya 1897 wanawake walioachwa huru walinunua kanga za rangi kwa fedha zao, kisha wakachukua buibui. Watu wakubwa wa mjini walinung'unika kwamba sasa huwezi kumjua nani ni nani. Ndilo lilikuwa lengo.

Katika kizazi hicho hicho alikuwepo binti wa Fumba aliyezaliwa karibu mwaka 1880 na wazazi watumwa, akaitwa Mtumwa. Alikuja mjini kuuza vyungu, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Dunia inamjua kwa jina la Siti binti Saad.

## Maswali yenye mvutano

19. Waliofanya biashara hii walikuwa Waarabu tu?

Hapana, na hawakuwa wadogo ndani yake. Maneno yote mawili yasemwe pamoja, maana wapo wanaopenda la kwanza peke yake na wapo wanaopenda la pili peke yake.

Wenye mashamba makubwa walikuwa Waomani. Waliowakopesha fedha ni wafanyabiashara wa Kihindi. Waliokuwa na watumwa wachache majumbani ni Waswahili, Washihiri, Wangazija, hata watumwa wenye watumwa wao. Waliowakamata huko bara na kuwaleta mara nyingi walikuwa machifu na wafanyabiashara wa Kiafrika, wakibadilishana na bunduki na nguo. Wazungu nao: mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Ufaransa. Na pembe za ndovu zilizobebwa begani hadi pwani ziliishia kwenye vinanda vya Marekani na Uingereza.

20. Vyumba vya chini pale Mkunazini ndimo watumwa walimofungwa?

Wapo wanahistoria wanaotilia shaka, kwa hoja nzito: soko lilikuwa uwanja wazi, na jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la misheni, lililojengwa baada ya soko kufungwa. Pango la kuchongwa la Mangapwani, linaloaminika kujengwa kuficha watumwa baada ya 1873, lina hoja yenye nguvu zaidi. Sanamu za watu waliofungwa minyororo pale uwanjani ni kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden, ya mwaka 1998. Mnyororo wenyewe ni wa enzi ile.

21. Bagamoyo maana yake ni "bwaga moyo" wa mtumwa anayeaga nchi yake?

Inapendwa na waongoza watalii. Mimi naona maelezo ya wapagazi yana uzito zaidi: watu waliobeba pembe miezi mitatu kutoka Unyamwezi, wengi wao watu huru wa mshahara, wakifika pwani waliutua mzigo na moyo. Bandari kubwa ya watumwa ilikuwa Kilwa. Hii haina maana kwamba Bagamoyo haikupitisha watumwa. Ilipitisha, na kijiji cha waliokombolewa cha mapadri wa Roho Mtakatifu kilianza pale mwaka 1868.

22. Nitajuaje kama ukoo wangu ulitoka utumwani?

Majina hayatoshi. Mabruki, Feruzi, Baraka, Farajallah, Almasi na Tabu yalikuwa majina ya kawaida ya watumwa, lakini waungwana pia waliyatumia mengine, na walioachwa huru walibadili majina haraka. Kabila la bara kwa familia ya pwani nalo si ushahidi. Watu walikuja pia kwa hiari, kufanya kazi na biashara.

Nyaraka za Taifa Zanzibar, Kilimani, zina kumbukumbu za ubalozi wa Uingereza na za serikali ya wakati ule. Rabai na Freretown, anza na vitabu vya ubatizo vya kanisa.

Nyumbani, usimwanzie bibi na neno utumwa. Muulize shamba lile lilikuwa la nani, fulani alizikwa makaburi gani na kwa nini hakuzikwa na wenzake, nani alisimama walii harusi yake. Na siku ya kwanza simu ya kurekodi iache ndani ya mkoba.